Historia ya sayansi sasa imo mtandaoni, lakini sharti msomaji ajue kuihoji

UKIONA vyaelea, vimeundwa. Kwa methali hii wahenga waliwakumbusha wenzao kwamba hakuna chombo kinachokata mawimbi pasipo fundi aliyekiunda. Simu ya mkononi, chanjo ya mtoto, saa ya ukutani na ramani ya dunia navyo vimeundwa. Nyuma ya kila kimoja ipo kazi ya vizazi vingi, makosa yaliyorekebishwa, mabishano ya wasomi na, aghalabu, majina yaliyosahaulika.

Elimu inayochunguza mambo hayo ndiyo historia ya sayansi na teknolojia. Kwa muda mrefu ilikuwa elimu ya wachache. Mwanafunzi wa Nairobi au Mombasa aliyetaka kuziona barua za Charles Darwin alihitaji nauli ya ndege hadi Uingereza, barua ya utambulisho kutoka chuo kikuu na idhini ya wasimamizi wa maktaba. Aliyekosa hayo aliridhika na muhtasari wa vitabu vya kiada.

Mambo yamebadilika. Tangu miaka ya 1990, maktaba, vyuo vikuu na makavazi ya nchi nyingi yamekuwa yakivipiga picha vitabu na miswada yao na kuviweka mtandaoni, sehemu kubwa pasipo malipo. Mtu mwenye simu na kiasi kidogo cha data anaweza leo kuzisoma hati za Isaac Newton akiwa Garissa, au kusoma jarida la karne ya 17 akisubiri matatu mjini Kisumu.

Hata hivyo, mtandao uo huo ndio unaoeneza uvumi kuhusu sayansi. Maneno ya hekima hubandikwa jina la mwanasayansi ambaye hakuyatamka. Uvumbuzi hupewa mtu au taifa lisilohusika. Mwanafunzi huyanukuu hayo katika insha, mwalimu huyaridhia, na kizazi kinachofuata huyapokea kama kweli. Hapo ndipo thamani ya nyaraka asilia inapobainika. Kusikia si kuona, na nyaraka hizo humwezesha msomaji kuona kwa macho yake.

Maneno ambayo Darwin hakuyaandika

Upo usemi maarufu unaodai kwamba viumbe wanaosalia si wale wenye nguvu zaidi wala wenye akili nyingi zaidi, bali ni wale wanaoweza kubadilika. Usemi huu hutajwa katika hotuba za mahafali na mikutano ya wafanyabiashara, na mara nyingi huambatanishwa na jina la Darwin.

Anayetaka ithibati ana pa kwenda. Tovuti ya Darwin Online, iliyozinduliwa mnamo 2006 chini ya uongozi wa mwanahistoria John van Wyhe, ina vitabu vya Darwin pamoja na madaftari na hati zake nyingi. Nao mradi wa barua za Darwin wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ulioanza mnamo 1974, umeweka mtandaoni takriban barua 15,000 alizoandika na alizoandikiwa. Kila mmoja una nafasi ya kuandikia neno linalotafutwa. Atakayeutafuta usemi huo humo hataupata.

Watafiti walipofuatilia chanzo chake walifika kwa Leon Megginson, profesa wa masuala ya usimamizi nchini Marekani, aliyetoa hotuba mnamo 1963. Megginson alikuwa akieleza kwa maneno yake mwenyewe alivyomwelewa Darwin. Miaka iliposonga, maelezo hayo yalifupishwa, yakatiwa alama za kunukuu, na maneno ya profesa yakageuka kuwa maneno ya Darwin.

Hali kadhalika, wengi huamini kwamba Darwin ndiye aliyebuni kauli ya kusalia kwa wanaofaa zaidi. Kauli hiyo ilibuniwa na mwanafalsafa Herbert Spencer mnamo 1864. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilikuwa kimekwisha kutoka mnamo 1859, na kauli ya Spencer iliingizwa katika toleo la 5 la mwaka wa 1869. Kwa kuwa tovuti iliyotajwa inayo matoleo yote 6 ya kitabu hicho yaliyochapishwa Uingereza wakati wa uhai wa Darwin, kuanzia 1859 hadi 1872, msomaji anaweza kuyalinganisha na kuona ni lini neno fulani liliingia au kutoka.

Hapa pana funzo kubwa. Kitabu cha sayansi hubadilika mkononi mwa mwandishi wake kadiri anavyopingwa, anavyojibu na anavyojifunza. Anayenukuu pasipo kutaja toleo huenda akamtwika mwandishi wa mwaka wa 1859 fikra alizozifikia baada ya miaka 10.

Milango ya kuingilia

Hazina ya Darwin ni mlango mmoja tu. Royal Society ya London ilianza kuchapisha jarida lake la kisayansi, Philosophical Transactions, mnamo Machi 1665. Mnamo 2011 jumuiya hiyo iliwafungulia wasomaji wote makala zake za zamani, yaani zile zilizopita umri wa miaka 70. Humo msomaji hukutana na wanasayansi wakiwa bado hawana hakika, wakiandikiana kuhusu hadubini, vimondo, magonjwa na mawimbi ya bahari.

Mwaka uliotangulia, 2010, jumuiya iyo hiyo iliweka mtandaoni mswada wa William Stukeley, rafiki yake Newton, ulioandikwa mnamo 1752. Humo ndimo mna kisa cha tufaha. Stukeley anasimulia kwamba siku moja mnamo Aprili 1726, baada ya chakula, walikuwa wakinywa chai kivulini chini ya mitufaha. Newton akamweleza jinsi tufaha lililoanguka lilivyomfanya zamani atafakari ni kwa nini vitu huangukia ardhini moja kwa moja. Hakuna mahali anaposema kwamba tunda hilo lilimgonga Newton kichwani. Kichekesho hicho kinachochorwa katika vitabu vya watoto kiliongezwa na wengine.

Maandishi ya Newton mwenyewe yamekusanywa katika mradi ulioanzishwa mnamo 1998, ambao sasa umo Chuo Kikuu cha Oxford. Mengi yake hayahusu hesabu wala nuru. Yanahusu dini, na mengine yanahusu alkemia, ile elimu ya kale ya kujaribu kugeuza madini. Msomaji anayedhani kwamba wanasayansi wa kale walifikiri kama wale wa sasa atastaajabu kwa yale atakayoyasoma.

Kwa vitabu vya jumla, hifadhi ya Internet Archive, iliyoanzishwa mnamo 1996, ina mamilioni ya vitabu vilivyopigwa picha. HathiTrust ya vyuo vikuu vya Marekani ilifuata mnamo 2008. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina Gallica, iliyofunguliwa mnamo 1997. Anayependa mimea, ndege na wadudu hawezi kuikosa maktaba ya pamoja ya viumbe hai, Biodiversity Heritage Library, yenye zaidi ya kurasa milioni 60, zikiwamo ripoti za wapelelezi na wakusanyaji waliopita Afrika Mashariki. Maandishi ya Albert Einstein nayo yalifunguliwa kwa umma mnamo Desemba 2014.

Aidha, kuna zana za kumwelekeza aliyepotea njia. Jarida la Isis, lililoanzishwa na George Sarton mnamo 1912, limekuwa likiorodhesha vitabu na makala za historia ya sayansi kwa zaidi ya karne moja. Orodha hiyo sasa inapatikana mtandaoni kwa jina la IsisCB, bila ada. Nayo Taasisi ya Fizikia ya Marekani imeweka wazi mahojiano ya wanafizikia wengi, ambapo wanasayansi wa karne ya 20 wanasimulia kazi zao kwa vinywa vyao wenyewe.

Rubani wa Malindi

Kwa msomaji wa Kenya, huenda swali la kwanza likawa: mambo ya Newton na Darwin yanamhusu nini mkazi wa Pwani? Jibu ni kwamba mbinu iyo hiyo inaweza kutumiwa kulichunguza jambo lililotendeka papa hapa.

Mnamo Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Tarehe 24 mwezi huo aling'oa nanga kuelekea India akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Baada ya siku 23 hivi waliona bara Hindi. Masimulizi mengi yanamtaja rubani huyo kuwa ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar, eneo ambalo leo limo Ras al-Khaimah katika Ghuba. Je, ni kweli?

Shajara ya safari hiyo ipo. Iliandikwa na mmoja wa watu waliokuwa katika msafara, ambaye wasomi wengi humdhania kuwa ni Álvaro Velho. Nakala yake ya mkono imehifadhiwa mjini Porto, Ureno, na mnamo 2013 UNESCO iliiingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Tafsiri ya Kiingereza ya E.G. Ravenstein, iliyochapishwa mnamo 1898, inasomeka bure katika Internet Archive. Anayeifungua ataona kwamba mwandishi hakumtaja rubani kwa jina. Alisema tu kwamba alikuwa Mkristo, na kwamba Wareno walimfurahia. Ikumbukwe kuwa katika safari hiyo Wareno waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo zaidi ya mara moja.

Mwanahistoria Mreno João de Barros, aliyechapisha sehemu ya kwanza ya historia yake mnamo 1552, alitoa jina. Alimwita Malemo Cana na kusema kwamba alikuwa Mwislamu wa Gujarati. Mswahili akilisikia neno "malemo" hana haja ya mkalimani. Ni mualimu, cheo cha mwelekezi wa chombo baharini tangu zamani. Kwa hivyo sehemu hiyo ni cheo na si jina. Sehemu ya pili, kwa maelezo ya wasomi, inatokana na neno la Kihindi lenye maana ya mtu ajuaye hesabu za nyota.

Basi jina la Ibn Majid lilitoka wapi? Lilitoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka, aliyeandika katika nusu ya pili ya karne ya 16 kuhusu vita vya Waturuki nchini Yemen. Huyo alidai kwamba Ibn Majid aliwaonyesha Wareno njia akiwa amelewa. Katika miaka ya 1920 msomi Mfaransa Gabriel Ferrand aliyaunganisha madai hayo na habari za Wareno, na dai likasambaa kote. Mnamo 1971 G.R. Tibbetts, aliyekitafsiri kitabu kikuu cha Ibn Majid kwa Kiingereza, alilitilia shaka. Wataalamu wengi wa sasa wanaona kwamba huenda rubani alikuwa mtu wa Gujarati asiyejulikana kwa jina.

Kumwondolea Ibn Majid safari hiyo hakumpunguzii hadhi. Kitabu chake cha elimu ya bahari, Kitab al-Fawa'id, kilikamilika yapata mwaka wa 1490, miaka 8 kabla ya Wareno kufika Malindi. Kinaeleza majira ya pepo, vituo vya mwezi, na jinsi ya kupima kwa vidole kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari ili kujua chombo kiko wapi. Aidha, aliandika utenzi wa kuelekeza vyombo hadi Sofala, kusini mwa pwani hii, ambao msomi wa Urusi Theodore Shumovsky aliuchapisha mnamo 1957. Kutokana na hayo inabainika kwamba njia ya kwenda India ilikuwa ikijulikana na mabaharia wa bahari hii kabla ya mgeni kuiulizia.

Anayetaka kujitosa zaidi katika elimu ya Waarabu anaweza kufungua Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyozinduliwa mnamo 2014 kwa ushirikiano na Maktaba ya Uingereza. Ina miswada ya Kiarabu kuhusu falaki, hesabu, tiba na ufundi wa mitambo, pamoja na kumbukumbu za utawala wa Waingereza katika Ghuba. Kurasa zake zimeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza.

Chuma cha Wahaya

Mfano mwingine uko ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Wahaya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Mtandaoni husambazwa habari kwamba Waafrika wa huko walitengeneza chuma cha pua miaka 2,000 kabla ya Wazungu. Wapo wanaoishangilia habari hiyo pasipo kuichunguza, na wapo wanaoipuuza pasipo kuisoma.

Chanzo chake ni makala ya Peter Schmidt na Donald Avery katika jarida la Science la Septemba 1978. Wataalamu hao walifukua mabaki ya matanuri ya kale magharibi mwa ziwa, yenye umri wa miaka kati ya 1,500 na 2,000. Fauka ya hayo, waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kufua chuma ujanani wajenge tanuri na kulitumia wao wakitazama. Waliona kwamba mabomba ya udongo yaliyopitisha hewa kutoka kwenye mivukuto yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri. Walihitimisha kwamba hewa ilipata joto ikiwa bado ndani ya bomba, kwa hivyo moto ukawa mkali zaidi na chuma kikachanganyika na kaboni ipasavyo. Huko Uskochi, James Beaumont Neilson alisajili njia yake ya kupasha hewa joto kabla ya kuiingiza tanurini mnamo 1828.

Wasiosoma zaidi ya hapo hukosa nusu ya pili ya kisa. Mnamo 1986 J.E. Rehder alipinga, akitumia hesabu za joto kuonyesha kwamba hewa isingeweza kupata moto mkubwa kiasi hicho ndani ya bomba. Schmidt na Avery walimjibu mwaka uo huo. Mnamo 1996 David Killick naye aliyakosoa madai hayo kwa kirefu, na ukosoaji wake ulichapishwa katika kitabu alichokihariri Schmidt mwenyewe.

Mabishano hayo hayawaondolei Wahaya ufundi wao. Hakuna kati ya wasomi hao anayekana kwamba wafua chuma wa Buhaya walitengeneza chuma bora. Kinachobishaniwa ni jinsi tanuri lilivyofanya kazi. Mwanafunzi anayezisoma pande zote mbili huweza kuwatetea wahenga wake kwa hoja zisizovunjika, tofauti na yule aliyeshika sentensi moja tu.

Nyingi ya makala hizo zimo katika hifadhi ya JSTOR, iliyoanzishwa mnamo 1995. Sehemu yake hulipiwa, lakini anayejisajili huruhusiwa kusoma mtandaoni idadi fulani ya makala kila mwezi bila malipo, na upo mpango wa kuzipunguzia au kuziondolea ada taasisi za Afrika. Mwanafunzi wa chuo atakuwa ametenda busara akimuuliza msimamizi wa maktaba yake kabla ya kukata tamaa.

Uhuru angani

Kisa cha tatu ni cha juzi juzi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha sikukuu ya uhuru, roketi ya aina ya Scout ilirushwa kutoka kituo cha San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Miali hiyo huzuiwa na hewa ya dunia, kwa hivyo haiwezi kupimwa kutoka ardhini. Pwani ya Kenya ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta. Chombo kinachorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo husaidiwa na mzunguko wa dunia, na huweza kuzunguka sambamba na ikweta, mbali na ukanda wa chembechembe unaovuruga vipimo.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vilisaidia kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho wanasayansi wanakubali kwamba ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mnamo 2002. Hotuba yake imo katika tovuti ya Nobel, na takwimu za setilaiti zimo katika hifadhi ya shirika la NASA. Mwanafunzi wa sekondari ya Malindi anaweza kuvisoma vyote viwili na kujua kilichoanzia karibu na kwao.

Atakachokitambua pia ni kwamba simulizi hiyo imeandikwa na wahandisi na wanasayansi waliotoka mbali. Mkazi wa Ngomeni aliyeiona roketi ikipaa, baharia aliyevusha shehena na kibarua aliyefanya kazi kambini hawakuandika ripoti. Kumbukumbu zao zimo vichwani mwa wazee, na wazee hao hupungua kila mwaka.

Yasiyoonekana mtandaoni

Hii ndiyo hatari kubwa ya kuutegemea mtandao pekee. Kilichopigwa picha kwanza ni kile kilichokuwa tayari kimehifadhiwa na matajiri wa maktaba. Asiyelijua hilo hudhani kwamba pasipokuwa na hati hapakuwa na elimu. Ukimya wa tovuti huchukuliwa kuwa ukimya wa historia.

Juhudi za kuziba pengo hilo zipo. Tangu 2004, mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru kumbukumbu zilizo hatarini umegharamia upigaji picha wa hati katika nchi nyingi, ikiwemo miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu. Miswada ya Timbuktu nchini Mali, ambayo baadhi yake inahusu falaki na hesabu, ilitoroshwa kisiri hadi Bamako wakati waasi walipouteka mji huo mnamo 2012. Mingi imepigwa picha, na inawekwa mtandaoni na maktaba ya miswada ya Hill iliyoko Minnesota, Marekani.

Lakini picha nazo zina maadui. Mnamo Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni waliishambulia mitambo ya Maktaba ya Uingereza. Miswada iliyokuwa imewekwa wazi kwa miaka mingi ikatoweka machoni pa wasomaji, na urejeshaji wake ukachukua muda mrefu. Tovuti ya World Digital Library, iliyozinduliwa mnamo 2009 kwa shangwe, nayo ilikoma kujitegemea mnamo 2021, na yaliyokuwamo yakahamishiwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa upande mwingine, moto ulioteketeza sehemu ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town mnamo Aprili 2021 ulidhihirisha kwamba karatasi pekee haitoshi. Usalama upo katika kuwa na nakala zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja.

Maswali ya kumwongoza msomaji

Visa vilivyosimuliwa vinatoa maswali manne yanayomfaa yeyote anayefungua hati ya kale mtandaoni.

Swali la kwanza: aliyeandika alikuwapo? Mwandishi wa shajara alikuwa katika msafara wa Vasco da Gama, ilhali Barros na al-Nahrawali waliandika miongo mingi baadaye. Mashahidi hao hawana uzito sawa, hata kama aliyekuwapo naye anaweza kukosea.

La pili: hii ni nakala gani? Toleo la 1859 si toleo la 1872, na tafsiri si maandishi asilia. Pale tovuti inapoonyesha picha ya ukurasa pamoja na maneno yaliyochapwa upya, ni heri kulinganisha, kwa kuwa tarakilishi hukosea inaposoma hati za zamani.

La tatu: nani alipinga? Makala moja ya mwaka wa 1978 haimalizi mjadala ulioendelea hadi 1996. Orodha kama IsisCB humsaidia msomaji kuyapata majibu yaliyofuata.

La nne: nani hasemi? Kila hifadhi ina watu waliokuwapo lakini hawakupewa kalamu. Kuwatambua hao ndiko mwanzo wa utafiti mpya, na utafiti huo hauhitaji safari ya ng'ambo. Mwanafunzi mwenye simu ya kunasa sauti anaweza kumhoji mzee wa Ngomeni, fundi wa jahazi wa Lamu au mhunzi wa kijijini kwao, kwa idhini yao, na kuikabidhi nakala kwa maktaba ya chuo au makavazi.

Ensaiklopidia ya mtandaoni kama Wikipedia ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu chini ya makala zake huwa na vyanzo. Kosa ni kuishia hapo. Aliye na data kidogo na achague kurasa za maneno badala ya picha nzito, ahifadhi anachokihitaji katika simu, na aandike tarehe aliyokisoma, maana tovuti huhama na kufa.

Makabati ya maktaba kuu za dunia yamefunguliwa kwa kiwango ambacho mwanafunzi wa miaka 40 iliyopita hangekiota. Kufunguliwa huko hakumfikishi mtu kwenye ukweli. Anayechukua sentensi ya kwanza anayokutana nayo ataendelea kumtia Darwin maneno kinywani na kumgonga Newton kwa tufaha. Anayefuatilia hadi chanzo atajua alichokijua mualimu wa bahari asiyetajwa jina, na atajua pia ni kwa nini jina hilo halikuandikwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.